Mpiga Zumari wa Malkia Aliyepotelea Mtoni

Mji wa Kimilili umekaa chini ya mlima Elgon, mlima ambao wenyewe Wabukusu huuita Masaba. Mtu wa Mwambao akifika huko mara ya kwanza hukutana na mambo mawili asiyoyazoea: baridi ya alfajiri, na sauti ya litungu. Litungu ni kinanda chao cha nyuzi saba, kilichowambwa ngozi, na mpigaji wake huheshimiwa kama tunavyomheshimu sisi malenga.

Jioni moja, baada ya Magharibi, nilikaa nje ya nyumba ya mzee mmoja wa huko akimfundisha mjukuu wake. Hapakuwa na kitabu wala karatasi. Mzee aliimba sauti za nyuzi kwa mdomo wake, silabi tupu zisizo maana yoyote, na mtoto akazijibu kwa vidole. Akikosea, mzee hakumgombeza. Aliimba tena, polepole, mpaka vidole vikatii. Nikamwuliza mzee kama amepata kumpa mtu yeyote nyimbo zake azitie katika maandishi. Akanijibu kwamba karatasi haina pumzi, na kwamba wimbo uliotiwa kwenye karatasi ni kama kuku aliyefungwa miguu: yupo, lakini hatembei.

Jibu lile lilinikumbusha bwana mmoja wa Uskochi aliyefariki zaidi ya miaka mia na sitini iliyopita, ambaye umri wake wote ulikuwa ni mashindano baina ya pumzi na karatasi. Na msomaji asistaajabu kuona Uskochi na Kimilili vimetajwa pamoja. Mwezi wa Desemba 1883 alifika kwenye mlima huu msafiri Joseph Thomson, pamoja na wapagazi waliotoka kwetu pwani, akayaona mapango ambamo watu walikaa na ng'ombe wao. Thomson huyo alizaliwa mwaka 1858 katika bonde la mto Nith, kusini ya Uskochi. Alipokuwa mtoto wa mwaka mmoja tu, katika mto huo huo, chini zaidi kuelekea baharini, alipotea mpiga zumari mkubwa kuliko wote wa zama zake. Jina lake lilikuwa Angus MacKay.

KISIWA CHA RAASAY

Angus alizaliwa tarehe 10 Septemba 1813 katika Raasay, kisiwa kidogo magharibi ya Uskochi, jirani ya kisiwa kikubwa cha Skye. Watu wa huko walikuwa wavuvi na wafugaji, na lugha yao ilikuwa Kigaeli, si Kiingereza. Baba yake, John MacKay, alikuwa mpiga zumari wa mkuu wa kabila la MacLeod wa Raasay.

Habari ya mzee huyo John yafaa isimuliwe kwanza, kwani mtoto ni zao la mzazi. Yasemekana alikuwa yatima aliyelelewa kwa kazi ya kuchunga ng'ombe. Nyumbani kwa bwana mmoja aitwaye Malcolm MacLeod, aliyekuwa hodari wa zumari, vijana wengine walikuwa wakifundishwa, naye mchungaji akitega sikio. Alipokwenda malishoni aliyarudia peke yake yale aliyoyasikia. Siku moja yule bwana akamsikia bila ya yeye kujua, akatambua kwamba huyu asiyefundishwa amewapita waliofundishwa, akamchukua kuwa mwanafunzi wake. Baadaye alipelekwa kwa mabingwa wenyewe, ukoo wa MacCrimmon wa Skye, ambao kwa vizazi vingi walirithishana zumari baba kwa mwana, na kwa ukoo wa MacKay wa Gairloch. Kwa hiyo John alipotoka huko alikuwa ameipokea elimu hiyo kutoka kwa wenyewe, na mnyororo wake haukukatika.

Sisi tuliosoma chuoni twaijua thamani ya mnyororo wa namna hiyo. Hatulinganishi Neno la Mola na ngoma, hasha. Twalinganisha njia ya kufundisha tu. Mtoto wa chuo hapewi msahafu akaambiwa ajisomee. Hukaa mbele ya mwalimu, akatazama midomo yake, akapokea herufi mahali pake pa kutokea, akarudishwa mara ishirini mpaka ulimi ukakaa sawa. Mwalimu naye alipokea kwa mwalimu wake. Wazee wa Raasay na Skye, kwa zumari yao, walifuata njia iyo hiyo.

CHOMBO CHENYEWE

Zumari yetu twaijua, ile ya harusini na ngomani. Zumari ya Waskochi, waiitayo Waingereza begipaipu, ni ndugu yake, ila imeongezwa kiriba. Mpigaji hujaza pumzi katika kiriba cha ngozi alichokibana kwapani, na mkono wake hukikamua ili upepo usikatike hata anapovuta pumzi. Mrija mmoja wenye matundu ndio wa kupigia, nao una sauti tisa tu. Mirija mingine mitatu hulala begani na kuvuma sauti moja isiyobadilika, mfano wa nyuki ndani ya mzinga. Ndugu zetu wa Omani na nchi za Ghuba nao wanacho chombo cha jamii hiyo kiitwacho habani, kiriba chake ngozi ya mbuzi.

Ugumu wa chombo hiki ni kwamba hakinyamazi. Mpiga udi akitaka kutenga sauti mbili huuachia uzi ukanyamaza. Mpiga kiriba hana ruhusa hiyo, kwani upepo umo ndani na lazima utoke. Wala hawezi kuipunguza sauti au kuikuza. Basi hutenga sauti kubwa kwa sauti ndogo ndogo za haraka, ambazo vidole huzidokoa na kuziacha kabla sikio halijazishika. Mwanafunzi haanzi na kiriba. Huanza na mrija mtupu, akapuliza kwa mdomo, miezi mingi, mpaka vidole vimeelewa. Ndipo hupewa mzigo wote, naye huona kwamba kupuliza, kukamua, kutembea na kupiga ni kazi nne alizotakiwa azifanye kwa wakati mmoja.

Na juu ya nyimbo za maandamano na za kuchezea, Wagaeli walikuwa na muziki wao mkuu: nyimbo ndefu za kuomboleza wafu, kuwasifu wakuu na kuita watu vitani. Wimbo huanza kwa sauti za polepole, ambazo wao huziita sakafu. Juu ya sakafu hiyo hujengwa mabadiliko moja baada ya jingine, kila moja likiwa na vidole vigumu kuliko la nyuma, kisha mpigaji huirudia sakafu aliyoanzia, kama msafiri arudiye mlangoni kwake. Nyimbo hizi hazikuandikwa. Mwalimu aliziimba kwa silabi maalumu, kila silabi na kidole chake, na mwanafunzi akazihifadhi. Yule mzee wa Kimilili angalihudhuria darasa la John MacKay, lugha ingemshinda, lakini somo angalilifahamu.

ULIMWENGU ULIOVUNJIKA

Angus alizaliwa wakati nyumba iliyoulea muziki huo ikiwa imekwisha bomoka. Mwaka 1746, katika vita vya Culloden, jeshi la makabila ya milimani lilishindwa na jeshi la serikali, na baada ya hapo wakuu wa makabila walinyang'anywa mamlaka yao ya kale. Mkuu asiye na askari hana haja ya mpiga zumari wa vita. Wengi wao waligeuka kuwa wenye mashamba tu, na mashamba yale wakaona yanalipa zaidi yakiwa na kondoo kuliko yakiwa na watu. Maelfu ya Wagaeli walitolewa makwao, wakapanda majahazi kwenda Kanada na kwingineko.

Wenye uchungu na mila walijaribu kuzuia. Tangu mwaka 1781 Jumuiya ya Wagaeli iliyokuwa London ilianzisha mashindano ya zumari na kutoa zawadi. Kisha ikatangaza zawadi kwa yeyote atakayeweza kuziandika nyimbo hizo kwa alama za muziki za Ulaya, kwa kuwa waliokuwa wakizijua walikuwa wakifa.

Mwaka 1823 mzee John alikuwa anafikiria kuhamia Marekani. Akapata riziki bara ya Uskochi, katika ngome ya Drummond, akahama Raasay na wanawe. Angus alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Wana wote wanne wa mzee huyo, Donald, Angus, Roderick na John, walitokea kuwa wapigaji. Lakini Angus alikuwa na jambo moja zaidi: alijifunza kuandika muziki. Akiwa bado kijana mdogo, asiyeota ndevu, alipata zawadi ya mashindano kwa kazi ya kuandika nyimbo. Fikiri, ndugu msomaji: baba alizaliwa katika zama ambazo sikio lilitosha, na mwana ameshika kalamu akiyakamata yatokayo mdomoni mwa baba kabla hayajapotea hewani.

Mwaka 1835 alitwaa zawadi kubwa ya upigaji mjini Edinburgh. Na mwaka 1838, umri wake miaka 24, akatoa kitabu cha nyimbo 61 za muziki mkuu. Hakuwa wa kwanza. Karibu na mwaka 1820 Donald MacDonald alikuwa ametoa chake, na mwaka 1828 bwana mmoja wa Skye, Niel MacLeod wa Gesto, alichapa nyimbo ishirini kwa zile silabi za mdomoni, zikawa fumbo kwa wasomaji wengi. Lakini kitabu cha Angus ndicho kilichoenea, kwa sababu kiliandikwa wazi, tena na mtu ambaye wote walijua kwamba vidole vyake havina mfano.

MBELE YA DIRISHA LA MALKIA

Mwaka 1842 Malkia Victoria alizuru Uskochi mara ya kwanza. Katika ngome ya Taymouth alipigiwa zumari na John Bàn MacKenzie, aliyekuwa mwanafunzi wa mzee John MacKay, na sauti ile ikamwingia moyoni. Akataka naye awe na mpigaji wake. Tarehe 25 Julai 1843 kazi hiyo akapewa Angus, na ndiye mtu wa kwanza kushika cheo cha mpiga zumari wa Malkia.

Kazi yake ilikuwa kupiga asubuhi chini ya dirisha la Malkia, na kuwapigia wageni wakati wa karamu, Windsor, London na kule Balmoral. Kwa mtoto wa kisiwa cha wavuvi, hakuna daraja iliyobaki ya kupanda. Cheo hicho hakikufa na aliyekianzisha. Mwaka 2022, katika mazishi ya Malkia Elizabeth wa Pili, walimwengu walimwona na kumsikia mshika cheo hicho akimwaga bibi yake kwa zumari.

Lakini dunia ina mizani yake. Mwaka ule ule wa 1843, Angus alipovaa nguo za jumba la kifalme, mkuu wa MacLeod wa Raasay alizidiwa na madeni, kisiwa kikauzwa, naye akahamia Australia. Mlango ambao mzee John aliupigia zumari ujana wake wote ukawa mali ya mgeni. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 1848, na pamoja naye likazikwa sikio la mwisho lililopokea moja kwa moja kwa wakubwa wa zamani.

Angus alikuwa ameoa mwaka 1841, na alikuwa na watoto wanne. Mbali na kazi ya jumba la kifalme aliendelea na kalamu yake. Aliacha mabuku mawili yaliyoandikwa kwa mkono, yenye nyimbo zaidi ya 180 za muziki mkuu. Yako hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi, Edinburgh. Kama si mkono ule, sehemu kubwa ya nyimbo hizo leo zingekuwa majina tu, au hata majina yasingebaki.

GIZA

Mwaka 1854 akili yake iliharibika. Twaeleza kwa ufupi, kwani maradhi ya mja si mchezo wa magazeti. Alitiwa katika hospitali ya Bethlem, London. Katika ugonjwa wake aliamini kwamba yeye ndiye mume wa Malkia Victoria, na kwamba Prince Albert amemdhulumu haki yake. Mtu aliyesimama asubuhi kwa asubuhi chini ya dirisha, akawa karibu na enzi kuliko mawaziri na mbali nayo kuliko mpishi, akili yake ilipoteleza iliteleza kuelekea dirisha lile. Cheo chake akapewa mwingine, William Ross, aliyekishika hadi mwaka 1891.

Na mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilikubali rasmi wapiga zumari katika vikosi vya Waskochi. Tangu hapo majeshi yale yaliichukua zumari ya kiriba kila yalikokwenda, hata ikawa ya watu wengine pia. Leo jeshi la Omani lenyewe lina wapigaji wake mahodari. Chombo kilikuwa chaanza safari ya dunia nzima, na bingwa wake amefungiwa mlango.

Mwaka 1856 Angus alihamishiwa hospitali ya Crichton, karibu na mji wa Dumfries, kusini ya Uskochi. Alikuwa amerudi nchini mwake, lakini si kwao. Tarehe 21 Machi 1859 alitoroka. Akafika mto Nith, mahali ambapo mto unakaribia bahari na maji yake ni ya kupwa na kujaa. Akazama. Umri wake ulikuwa miaka 45. Maiti yake haikuonekana.

Mtu aliyeandika maombolezo ya wakuu wengi kuliko mtu yeyote kabla yake, mwenyewe hakupata kaburi la kupigiwa ombolezo.

KITABU KIKAWA HAKIMU

Habari yake haikwishia mtoni. Baada ya kufa kwake kitabu kilifanya mambo ambayo pengine mwenyewe hakuyatarajia. Wapigaji wa kizazi kilichofuata waliokosa mwalimu walijifunza kwake. Huo ni wema usiokanika. Lakini katika mashindano, mpigaji alianza kupimwa kwa karatasi. Wimbo mmoja wazee waliupiga kwa njia tatu au nne, kila njia na ukoo wake, na zote zikawa halali. Angus aliandika moja, kwa kuwa kalamu huandika moja. Wapo watafiti wasemao kwamba zile sauti ndogo za mwanzo, ambazo wazee walizirefusha au kuzifupisha kwa hiari zao, zilishikwa kama zilivyochapwa, na mpigaji aliyefuata pumzi ya babu yake akaonekana amekosea. Ndipo maneno ya mzee wa Kimilili yanapopata nguvu: kuku yupo, lakini hatembei.

Lakini haki lazima isemwe pande zote mbili. Waliofungua kamba za miguu ya kuku huyo ni watafiti na wapigaji wa siku za karibu, ambao walirudi kwenye maandishi mengine ya kale, wakayalinganisha na ya Angus, wakaonyesha kwamba njia zilikuwa nyingi. Je, wangalilinganisha na nini kama kusingeandikwa kitu? Karatasi ilifunga, na karatasi ikafungua.

Nasi watu wa Mwambao tunaye mfano wetu wa zama zizo hizo. Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa Mombasa, alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu, na wenye vinywa wakawa wanapungua. Akatokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akayakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kuyatia katika maandishi, akishirikiana na padri William Taylor. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ilipochapwa mwaka 1940, wote wawili, yeye na Taylor, walikuwa wamekwisha fariki. Leo twabishana juu ya neno hili na lile katika shairi fulani la Muyaka, kama lilivyoandikwa ndivyo au sivyo. Twaweza kubishana kwa sababu lipo.

Siku ya pili, kabla ya kuondoka Kimilili, nilirudi kwa yule mzee, nikamsimulia habari ya Angus kama nilivyoisimulia hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nimwandikie wala nisimwandikie. Aliuliza jambo moja tu: kama watoto wanne wa bwana yule walijua kupiga. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akamwita mjukuu wake, akampa litungu, akaanza kumwimbia silabi za jana. Safari hii alinitazama na daftari langu lililokuwa wazi magotini, wala hakuniambia nilifunge.